Ikola, Ambako Sikuwa na Mtu

Nina begi moja la safari, la rangi ya ugoro, zipu yake nimeibadilisha mwenyewe mara mbili. Mwaka jana, mwezi wa saba, nililishusha juu ya kabati nikalimwaga kitandani, na ndani nikakuta vitu vyake vya siku zote: doti mbili za khanga, sweta, ndala, kipande cha sabuni, tochi. Ni vitu vya msibani. Huwa havitoki humo. Nikirudi nafua, nakunja, narudisha, maana simu ya msiba ikiingia hakuna muda wa kuchagua nguo.

Nikakaa kitandani nikaanza kuhesabu safari zangu. Nimezaliwa Mpimbwe, nimeolewa Mpanda, nakaa Kawajense, hapo hapo mjini, mwaka wa ishirini na sita sasa, na kazi yangu ni cherehani. Nimefika Sumbawanga, nimefika Inyonga, nimefika Tabora mara tatu. Kote huko nilikwenda kuzika, au kuuguza, au kupokea mtoto wa mtu, au kumsindikiza bibi harusi aliyekuwa analia kuliko mimi. Tabora naijua wodi na njia ya makaburini. Ukiniuliza soko lake likoje, nitakudanganya.

Nilikuwa nimetimiza miaka hamsini na mbili, na magoti yalikuwa yameanza kunigomea. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, kwamba nitakwenda safari moja ya kwangu. Isiwe ya mgonjwa, isiwe ya maiti, isiwe ya mavuno. Siku tatu tu. Nilijua kabisa kwamba nisipokwenda mwaka ule sitakwenda tena, na wazo hilo lilinitia hasira ambayo sikujua ilikuwa imekaa wapi miaka yote hiyo.

Mume wangu ni mwalimu mstaafu, na kwake kila jambo lazima lipimwe. Nilipomwambia hakucheka. Aliuliza tu nataka kwenda wapi. Nikamwambia nina sehemu mbili kichwani, Kibaoni, kule kwetu Mpimbwe, au Ikola.

"Kibaoni," akasema hapo hapo. "Kuna dada yako."

Kibaoni ilikuwa na haki yake, sitaki kuionea. Basi la kwenda huko linapita katikati ya hifadhi, na mwezi wa saba majani yamekauka, kwa hiyo twiga unawaona bila kulipa kitu, na viboko wamesongamana kwenye tope wakigombania maji kidogo yaliyobaki. Usumbufu ni mbung'o tu wanaoingia dirishani. Ukifika kuna soko kubwa, kuna mchele mpya, kuna watu wanaoniita kwa jina langu la utotoni. Barabara hiyo nimeipita zaidi ya mara kumi. Lakini nimeipita nimejitanda khanga, nalia au nimechoka kulia, na twiga ukimwona katika hali hiyo ni sawa na kutomwona.

Ikola niliijua kwa dagaa. Sokoni Mpanda kila muuzaji atakuapia kwamba dagaa wake ni wa Ikola. Nilijua ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, kwamba barabara yake ni vumbi mwanzo mpaka mwisho, na kwamba ng'ambo ya maji ni Kongo. Ziwa hilo liko mkoani kwetu na nilikuwa sijawahi kuliona. Na nilijua kwamba pale sina ndugu, sina rafiki, sina hata mteja mmoja.

Mume wangu akachukua karatasi ya kaki ninayokatia vipimo, akachukua chaki yangu, akapiga mstari katikati. Upande wa Kibaoni akaandika: dada, pa kulala, usafiri, wanyama, mchele, kujulikana. Aliandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima kama ziko mstarini asubuhi. Upande wa Ikola akaandika "maji". Akafikiri kidogo, akaongeza "dagaa".

"Si unaona mwenyewe, mama? Kibaoni imeshinda."

"Nimeona. Ila dagaa hata hapa wapo. Wafute."

Akawafuta. Ikola ikabaki na neno moja, na mimi nikaibandika ile karatasi ukutani juu ya cherehani nikaiangalia siku mbili. Sitajifanya shujaa, nilikuwa nayumba. Kila nikiiangalia naona Kibaoni ina akili zaidi. Mwishoni nikapiga simu kwa dada yangu, nikitaka anivutie upande wake basi yaishe.

Dada amenizidi miaka sita. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na neno lake kwangu mpaka leo ni amri.

"Dada, nataka kuja huko kutembea," nikamwambia.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nataka kupumzika tu siku tatu."

"Eeh! Karibu, mdogo wangu! Tena Mungu amekuleta. Mpunga bado uko uani, hatujamaliza kupeta. Halafu Jumamosi tuna wageni wa posa, na sina mtu wa maana jikoni, hawa wasichana wa siku hizi wali wanaupika kama uji. Na ile cherehani yako, kichwa chake si kinafunguka? Kifunge vizuri uje nacho, kuna nguo za kushona."

Simu haikuwa imefika dakika mbili, na tayari nilikuwa nimeshapeta mpunga, nimeshapikia ukoo mzima na nimeshashona sare za posa. Nampenda dada yangu. Hasira yangu haikuwa juu yake. Ilikuwa juu yangu mimi, kwa sababu niliusikia mdomo wangu ukijibu "sawa, dada" kabla kichwa hakijasema lolote. Nikakata simu. Nikakaa na ile simu mapajani. Kisha nikampigia tena, kama mwanafunzi aliyevunja kioo cha ofisi akijipeleka mwenyewe.

"Dada, siji. Nakwenda Ikola."

"Ikola una nani?"

"Sina mtu."

"Sasa utafikia wapi?"

"Gesti."

"Mwanamke mzima," akasema. "Gesti. Na mumeo yupo, anakuangalia tu?"

Habari ikapita mtaani haraka kuliko mimi mwenyewe ningeweza kuieneza. Kesho yake jirani yangu akaja na beseni la unga kichwani. Ni mama wa Kisukuma, wao walikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga akiwa msichana, na hana tabia ya kuzunguka maneno.

"Pole, mayu. Nani tena?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi ni mgonjwa. Mgonjwa wa Ikola ni nani kwako?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, beseni bado liko kichwani, kisha akacheka mpaka ikabidi alishushe. "Sisi tumetembea kwa miguu mpaka huku, lakini tulikuwa nyuma ya ng'ombe. Wewe utakuwa nyuma ya nini?"

Nilimwambia arudi na unga wake, akakataa, akasema nitauhitaji tu, ngoja nitaona. Jioni mume wangu aliuliza kama bado naifikiria Kibaoni. Nikamwambia Kibaoni nimeshaifikiria ya kutosha. Nikaibandua ile karatasi, nikaikatia kola ya shati la mteja.

Nikaondoka Jumatano. Vitu vya msiba nilivitoa vyote begini, nikaweka gauni la maua nililojishonea bila kudaiwa na mtu, na taulo. Khanga moja tu sikuiacha, doti ya bluu nzito, kwa ajili ya vumbi. Njiani vumbi lilikuwa la kweli. Nikajifunga kipande kimoja kiunoni, kingine nikajitanda kichwani mpaka puani, na mpaka tunafika, kama saa nane mchana, macho yalikuwa mekundu na uso nimeukunja kwa sababu ya jua. Naeleza haya ili nisije nikawalaumu watu wa Ikola kwa yaliyofuata. Mwanamke wa makamo anashuka peke yake katikati ya juma, kajitanda khanga ya giza, macho mekundu, begi dogo. Mtu yeyote wa huku kwetu angesoma kitu kimoja tu, na mimi pia ningesoma hicho hicho.

Mama mmoja wa kitenge cha kijani akanijia mbio, akanipokea begi.

"Pole, dada. Pole sana na safari. Nyie wa Mpanda tumewasubiri tangu asubuhi. Twende, ni hapa tu."

Mimi nikadhani ni mtu wa gesti. Nilisikia kwamba wenye gesti huwa wanatuma watu kituoni kugombania wageni, nikajisemea, ama kweli watu wa ziwani wakarimu. Nikamfuata nikitabasamu ndani ya khanga. Tulipita kati ya nyumba, harufu ya dagaa kila mahali, na mahali fulani upande wa kulia niliona kitu cha bluu kikimetameta kati ya kuta mbili, nikasema moyoni, tulia, utaliona vizuri ukishaoga. Tukakata kona. Kulikuwa na turubai, wanaume wamekaa kwenye mabenchi, moto wa magogo, sufuria kubwa.

Nikaelewa. Nilitakiwa kusimama hapo hapo na kufungua mdomo. Lakini kwetu mgeni wa msiba akitoka mbali, wanawake waliomo ndani wanaanza kilio upya akifika, ili asilie peke yake. Walipoanza, mwili wangu ukajibu. Nilijifunika uso na kuingia mlangoni nikilia. Mungu anisamehe, nililia vizuri. Marehemu sikujua hata kama ni mwanamume au mwanamke.

Baadaye nilijua. Alikuwa fundi wa maboti, amejenga nusu ya yale yaliyokuwa yamelala ufukweni, na mjane wake ndiye aliyekaa kwenye godoro pembeni ya chumba, mwanamke wa rika langu, mwembamba, kimya. Nilimpa pole. Nikapewa maji ya kunawa, nikapewa kiti, na kabla kiti hakijapata joto nilikuwa nimeshainuka niko uani namenya viazi. Hakuna aliyenituma. Mikono iliona kisu na beseni, ikaenda. Baada ya viazi nikasugua masufuria. Baada ya masufuria nikapepeta mchele, nikiwaonyesha wasichana namna ya kutoa mawe bila kumwaga. Moshi uliniingia machoni na jua likawa linashuka nyuma ya nyumba, upande ule ule wa ziwa ambalo nilikuwa nalisikia likipiga, hatua mia mbili labda, na sijalitazama.

Kisha yule mama wa kijani akapita na ratiba yake kichwani, akigawa zamu. "Wewe dada wa Mpanda," akasema kwa heshima kabisa, "unaonekana kazi unaijua. Kesho alfajiri uji ni wako. Maziko ni saa tisa."

Ndipo niliposimama. Nilikuwa na ungo mkononi na niliona waziwazi nilipokuwa: Kibaoni. Nilikuwa nimekataa Kibaoni mbele ya mume, mbele ya dada, mbele ya mtaa mzima, na nimekuja mpaka Ikola kuiendeleza. Hakuna aliyenidanganya wala kunilazimisha. Nilijileta mwenyewe jikoni. Nikaona aibu, halafu nikaona hasira, na hasira ndiyo iliyonisaidia.

Niliuweka ungo chini, nikanawa, nikaingia chumbani kwa mjane. Nikapiga magoti mbele ya lile godoro, wanawake sita au saba wakiniangalia.

"Mama, pole tena. Mimi sio ndugu. Wala sio wa Mpanda mnaowangoja, hao hawajafika. Marehemu sikumfahamu. Nimekuja Ikola kutembea. Nimekuja kuliangalia ziwa."

Mmoja akarudia, "Kutembea?" kwa sauti ya mtu anayeonja kitu kibovu. Mwingine akauliza, "Kutembea kwa nani?"

"Sina mtu hapa."

Yule mama wa kijani alikuwa ameshaingia nyuma yangu. "Na kulia kote kule mlangoni?"

"Nimezoea, dada," nikasema. Hilo lilikuwa la kweli.

Mjane aliniangalia. Nilidhani atanifukuza, na ningeona ni haki yake. Midomo yake ikatetemeka, nikafikiri analia, kumbe ni kicheko, kidogo tu, kikavu, cha mtu ambaye hajala siku mbili. Kikamponyoka, na wenzake wakashtuka kuliko waliposhtushwa na mimi.

"Mwacheni aende," akasema. "Mtu kaja kuangalia maji, nyie mmempa ndoo."

Nikachukua begi langu. Hakuna aliyenisindikiza.

Gesti ilikuwa na vyumba sita na mimi ndiye mgeni pekee. Msichana wa mapokezi alinipa daftari niandike. Kulikuwa na safu ya kabila, safu ya kazi, safu ya unakotoka na unakokwenda, na ya mwisho ilikuwa ya sababu ya safari. Juu yangu wote wameandika biashara, kikazi, msiba, biashara, msiba. Niliandika "kutembea". Aliligeuza daftari, akasoma, akanitazama, kisha akasema maji ya moto hayapo.

Asubuhi nilivaa gauni la maua. Kijiji kilikuwa kimefungwa. Fundi wa maboti akifa, msichana aliniambia, maboti hayatoki mpaka azikwe, na wenye maduka na wapika chai wote wako msibani. Akanigawia chai yake na kiporo cha ugali. Nikashuka ufukweni, na hapakuwa na mtu. Vichanja vya dagaa vilikuwa vitupu. Maboti yamevutwa mchangani, mengine makubwa, mengine mitumbwi tu, yote yamelazwa kimya.

Ziwa lilikuwa kubwa kuliko nilivyojiandaa. Nilikuwa nimefikiri kutakuwa na mwisho, mstari fulani wa milima ambao ungeniambia limeishia pale, lakini upande wa Kongo kulikuwa na ukungu na maji yalikuwa yanaingia humo humo. Nilikaa mchangani. Dakika kumi za kwanza zilikuwa za taabu. Nilikuwa najisikia kama niliyeacha kitu kwenye moto. Niliokota nyuzi za nyavu zilizotapakaa, nikaanza kuzifungua mafundo, kisha nikajishtukia nikazitupa. Nilijikatazia. Nilisema, wewe mwanamke, kaa. Upepo ulikuwa wa baridi, mawimbi yanakuja mafupi mafupi, na polepole nikaanza kuona kwamba bluu ile si moja. Karibu ilikuwa kama chai ya rangi, mbele kijani, mbali zaidi karibu nyeusi. Nikafurahi. Nasema hivi bila kuongeza chumvi: nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu, halafu nikatazama nyuma kama kuna aliyeniona. Saa zikapita na sikuzihesabu.

Saa tisa nikasikia wimbo. Nilikuwa sijui kwamba njia ya makaburini inapita ufukweni, kati ya maboti na nyumba za mwisho, nyuma yangu kabisa. Kilikuja kijiji kizima. Mbele msalaba, kisha wanaume wenye jeneza, kisha kwaya, kisha wanawake. Nikainuka, kama heshima inavyotaka, nikakung'uta mchanga kwenye gauni. Ufukwe mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyesimama, na mtu huyo alikuwa amevaa maua mekundu na ya njano.

Jeneza likapita. Nilijua kila neno la ule wimbo. Mjane akapita, ameshikwa mikono huku na huku, macho yako mbele, hakuniona. Nyuma yake akaja yule mama wa kitenge cha kijani, na yeye aliniona. Hakukunja uso. Aliunyoosha mkono akaniita, kwa upole, kama unavyomwita mwenzako aliyechelewa: njoo, njoo tu. Kulikuwa na nafasi pembeni yake, na sauti ya pili ya wimbo ilikuwa nyembamba, ilihitaji watu.

Mguu wangu ulitoka. Naapa, mguu huo sikuutuma. Ulitoka hatua ya kwanza, na wa pili ukaufuata, na mkono tayari ulikuwa unatafuta mabegani khanga ambayo sikuwa nayo. Nikasimama katikati ya mchanga. Nikamtikisia kichwa yule mama, taratibu, aone kwamba si dharau. Akanitazama kidogo zaidi, akaushusha mkono, akaendelea kuimba.

Nikarudi zile hatua mbili. Walikuwa bado wanapita nyuma yangu, watu wengi, nasikia miguu yao. Nikageukia ziwani nikakaa chini.